Kusaga meno usiku: kinga ya dukani au ya daktari?

Ukiamka hapa Kisumu taya zimekaza na kichwa kinauma, huenda unasaga meno usingizini. Kinga ni kifuniko cha meno unachovaa ukilala. Ya dukani unailainisha kwa maji moto kisha unaiuma ishike umbo la meno. Ni nafuu, lakini huwa nene, hulegea, na ile laini huwafanya wengine watafune zaidi. Ya daktari wa meno hutengenezwa kwa kipimo cha kinywa chako. Ni ghali, ila hukaa imara na hudumu. Mimi ningechagua hii, hasa meno yakianza kulika.

Zote hulinda meno tu, hazikomeshi kusaga. Ukikoroma na kukatikiwa pumzi usiku, mweleze daktari mapema. Kahawa ya jioni, sigara na pombe, tafadhali punguza.