Nilikata tiketi ya Lamu–Malindi kwa WhatsApp, vitambulisho vyetu vikaishia kwenye grupu

Naanza na nyota kabisa kwa asiye na muda wa kusoma: 2 kati ya 5. Hizo 2 ni za dereva na gari. Siti safi, mwendo wa adabu, mamangu ni mtu mzima na alifika hajachoka. Lakini upande wa kukata tiketi kwa simu siwapi hata nusu nyota na nitaeleza kwanini.

Nilikuwa nampeleka mamangu Malindi kwa daktari wa macho, na binti yangu wa miaka 9 tukamchukua. Kawaida nateremka mwenyewe mpaka afisi za mabasi, siku hiyo nilikuwa na kazi nyumbani nikaona namba ya WhatsApp ya kampuni hii ya basi nikaandika. Walijibu haraka, hilo nalikubali. Kisha wakaanza kuitisha: picha ya kitambulisho changu mbele na nyuma, cha mamangu vilevile, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba ya jamaa wa karibu, tutalala wapi Malindi, na skrinshoti ya meseji ya M-Pesa. Nikatuma vyote. Sikushtuka manake njia yetu hii kila mtu anaijua, kutoka Mokowe, Hindi, Witu mpaka Garsen kuna vizuizi vya askari, abiria mnashuka na vitambulisho mkononi mnakaguliwa, nikasema basi huenda ndio utaratibu wenyewe.

Usiku wa kuamkia safari nikapigiwa simu. Sauti ya mwanamume, mpole, ananiita majina yangu yote matatu, anamjua mamangu kwa jina, anajua tuko siti 14, 15 na 16. Ati basi la kesho limeharibika, poleni sana dada, tunawarudishia nauli, itakuingilia meseji ina tarakimu 6 nisomee tuthibitishe ni wewe. Meseji ikaingia kweli. Nimeshasoma tarakimu mbili za kwanza, mamangu akaniuliza kutoka kitandani, "Mwanangu, wamsomea nani namba usiku huu?" Hapo ndo nikaiangalia vizuri ile meseji, ni ya WhatsApp, na imeandikwa usimpe mtu yeyote. Nikakata simu mikono yatetemeka. Angezipata zote sita angeifungua WhatsApp yangu kwenye simu yake, na asubuhi mashangazi na majirani wote wangekuwa wanaombwa pesa kwa jina langu.

Asubuhi tukavuka na boti mpaka Mokowe, basi lipo pale zima kabisa.

Sasa sikiliza hii. Kijana mmoja wa kupakia mizigo, tumelelewa mtaa mmoja, akanijia pembeni, "Dada, si wewe huyu?" Akanionyesha simu yake. Grupu la watu zaidi ya 200, madereva, makondakta, wapakiaji, mawakala, na wengine hata yeye hawajui, na ndani yake orodha ya abiria wa siku ile yote: majina, namba za kitambulisho, simu, siti. Chini yake zile picha zenyewe. Cheti cha mwanangu kimo, jina lake, siku aliyozaliwa, mimi na babake. Siwezi kumnyooshea mtu kidole kwamba fulani ndiye aliyenipigia, sina ushahidi, lakini alichokijua yule mtu ndicho kilichokuwa kwenye ile orodha, neno kwa neno.

Ndani ya basi nilikuwa na kazi moja tu. Nikabonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, alhamdulillah zilikuwa zangu tu. Nikaingia WhatsApp kwenye mipangilio ya akaunti nikaweka ile PIN ya pili, hata mtu akiipata ile namba ya meseji bado hawezi kuingia bila PIN. Ile namba ya tapeli nikaipeleka 333, namba ya Safaricom ya kuripoti matapeli. Kisha nikamwandikia wakala aliyenikatia tiketi afute kila kitu, jibu lake, "Madamu usijali hilo grupu ni la stafu tu." Nikapiga afisini kwao na kuwatajia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwamba unachukua kile unachokihitaji tu, na mwenye taarifa ana haki ya kuomba zifutwe. Siku ya nne ndo wakatoa zile picha. Simu za watu waliozipakua zile picha je, nani atazipitia?

Kilichoniuma zaidi nilikiona wakati wa kurudi. Malindi nilienda mwenyewe kwa kampuni nyingine, msichana wa pale akakitazama kitambulisho, akaandika jina, namba na simu kitabuni, akanirudishia. Mtoto aliandikwa jina na umri basi. Na njiani kote askari walitaka kitambulisho chenyewe mkononi, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya picha. Kwahivyo zile picha zilikuwa za nini? Wanazikusanya kwa sababu tunazituma, na wakishazipata hawana pa kuziweka ila kwenye grupu.

Hata skrinshoti ya M-Pesa haikuwa na haja. Chini yake inaonyesha salio lako, na mwenye tili ameshaona pesa zimeingia, ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 10 inamtosha.

Kama una haraka na hawakubali bila picha, toa kopi, andika kwa kalamu juu yake "ya tiketi ya Lamu–Malindi tu" na tarehe, ndo upige picha. Cheti cha mtoto usitume.

Nimeshapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, nasubiri jibu. Nyota nitaziongeza siku wakiwa wanauliza jina, namba na simu peke yake. Mpaka hapo nateremka mwenyewe na kitambulisho changu mkononi, na mamangu ameniambia nikate na tiketi yake hukohuko.