Utunzaji wa wazee kijijini: tathmini yangu nikiwa Nairobi

Kwa mwaka mmoja sasa, nikiwa hapa Nairobi, nimekuwa nikichangia kikundi cha majirani kinachomtunza mama yangu kijijini Machakos, nami ninakithamini kwa dhati. Hupokezana zamu za kumchotea maji, kumpikia uji na kumkumbusha dawa, huku mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 ambao serikali iliwakabidhi vifaa mwaka 2023, akija kumpima presha. Daftari lao, lenye jalada lililochakaa, huandikwa hata kiasi cha uji alichobakisha. Kasoro ni kwamba usiku hakuna zamu; alipoteleza mwezi Juni, mama alikaa sakafuni hadi alfajiri. Nimewaomba waanzishe zamu hiyo, na mchango nitauongeza.