Nyimbo za kukaribisha majira ya kuchipua, Wigmore Hall, London

Aliyewahi kukaa London anaijua Februari. Baridi haijaondoka, saa kumi na moja na robo jioni giza linaanza kuingia, na makoti yameshachosha watu. Mwezi huohuo ndio nilikwenda Wigmore Hall kusikiliza nyimbo za kukaribisha majira ya kuchipua: mwimbaji mmoja wa soprano, yaani sauti ya juu ya kike, na mpiga piano wake, basi. Niseme mapema kwamba nimeridhika sana.

Ukumbi wenyewe ni nusu ya raha. Ulijengwa na kampuni ya piano ya Bechstein ya Ujerumani, ukafunguliwa mwaka 1901, na viti vyake ni kama 550 tu. Mwimbaji hana maiki. Kwa sisi tuliozoea spika zinazogonga kifuani, mwanzoni masikio yanahangaika kidogo, kisha yanatulia. Nilikaa nyuma, kwenye tiketi za bei nafuu, na bado nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kila mstari.

Alifungua na wimbo wa Schubert, mtunzi wa Austria: “Frühlingsglaube” (Imani ya majira ya kuchipua) wa mwaka 1820, shairi la Ludwig Uhland. Upepo laini umeamka, linasema, na wewe moyo uliodhikika usihofu, sasa mambo yote hayana budi kugeuka. Hilo “yote” shairi linalitaja mara mbili mfululizo, na dada yule mara ya pili alilipunguza sauti badala ya kuliongeza, kama mtu anayejisemea mwenyewe ili aamini. Uamuzi mdogo, lakini ulinifanya nikae wima.

Kilichonishika hasa ni “Våren” (Majira ya kuchipua) wa mtunzi Grieg, wa mwaka 1880. Maneno ni ya mshairi wa Norway, Vinje: mtu anaiona baridi ikishindwa kwa mara nyingine, miti inachipua, nyasi zinarudi, naye anajiuliza kama hii ndiyo mara yake ya mwisho kuyaona hayo. Bibi yangu kule Tanga kila Ramadhani ikiisha husema, “Ya mwakani sijui kama itanikuta.” Ni maneno yaleyale. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Kisha wakaja na Rachmaninoff, mtunzi wa Urusi, ule wimbo wa maji ya mchipuko wa mwaka 1896. Mashamba bado meupe kwa theluji, lakini maji yameshaanza kuvuma na kukimbia kutangaza habari. Piano hapo haina utulivu hata kidogo. Ndipo ilipotokea kasoro: mpiga piano alizidisha nguvu, na katikati ya wimbo sauti ya mwimbaji ikamezwa kabisa, tukabaki tunamwona mdomo tu. Wimbo ule unataka kishindo, sawa, ila maneno ndiyo yanayobeba habari.

Hata hivyo wimbo ule ulinionyesha kwa nini onyesho la aina hii linafaa lifanyike sasa. Mwezi Mei bustani zimeshajaa maua na nyimbo hizi zinageuka pambo. Februari bado tunazihitaji. Tulitoka nje kukiwa na baridi kali na watu walikuwa wakiongea kwa furaha hadi kituoni.

Ukitaka kwenda, nunua kijitabu cha programu na uyasome mashairi kabla taa hazijapunguzwa, kwani yamechapishwa kwa lugha yake ya asili na Kiingereza pembeni. Usifunue ukurasa katikati ya wimbo, ukumbi mzima utakusikia. Makofi yangoje fungu zima la nyimbo limalizike. Shuka kituo cha treni cha Bond Street au Oxford Circus, kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu. Na usiogope kwamba hujasomea muziki. Mimi pia sijasomea, na nimeshaanza kutafuta tiketi za Machi.