Darasa la ngoma kwa watoto wenye shida ya nyonga na mwendo, Mbeya: uzoefu wangu

Kama umeambiwa mtoto wako ana nyonga zilizokaza, au anatembea kwa vidole, au magoti yake yanasuguana kila anapopiga hatua, na hujui kama darasa la ngoma ni tiba au ni kumpotezea muda, jibu langu ni hili: mpeleke, ila kwanza apigwe eksirei ya nyonga. Nitaeleza yote mawili.

Binti yangu ana mtindio wa ubongo ulioshika zaidi miguu yote miwili. Akili yake iko sawa, na shuleni kusoma anawashinda wengi, lakini misuli ya ndani ya mapaja na ya vigimbi imekaza, kwa hiyo miguu inavutana ndani na visigino vinabaki hewani. Viatu vyake huisha mbele, nyuma vikiwa bado vipya. Hospitali tulifundishwa mazoezi ya kumnyoosha, kumtanua miguu na kumsimamisha ukutani visigino vikiwa chini. Ni mazoezi mazuri na mpaka leo tunayafanya. Shida ni kwamba jioni ilikuwa vilio mtindo mmoja: mama yake ameshika goti, mimi nimeshika nyonga, mtoto anajikaza, na anavyozidi kulia ndivyo misuli inavyozidi kukaza.

Darasa hili liko mjini, linafanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa kukodi, na linaendeshwa na mwalimu wa ngoma akishirikiana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Mwalimu anatokea Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay, na ngoma anayoitegemea ni mganda. Aliyewahi kuuona mganda anajua: wachezaji hujipanga kwa mistari kama askari, maana ngoma hii ilichota mengi kwenye gwaride la enzi za ukoloni. Goti linapanda, linashikiliwa juu kidogo, kisha mguu unashuka sambamba na ngoma. Hayo ndiyo hasa ambayo miguu ya binti yangu ilikuwa haitaki.

Nieleze wanavyofanya, maana hapa ndipo penye thamani yote. Mwalimu anachora mistari miwili ya chaki sakafuni, ikiachana kwa upana wa nyonga za mtoto husika, mguu huu mstari huu, ule mstari ule. Mpigaji ngoma anaangalia miguu ya mtoto, si uso. Goti likipanda, anasubiri. Vidole vikigusa chini, bado anasubiri. Kisigino kikigusa, ndipo ngoma inalia. Binti yangu aliuelewa mchezo huo bila kuambiwa, akaanza kukitafuta kisigino mwenyewe, paji la uso limekunjamana, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Nyumbani tulikuwa tunamwimbia "kisigino chini, kisigino chini" mpaka tunachoka. Pale hakuna anayemwambia neno, na anarudia tena na tena kwa sababu anataka ngoma ilie.

Mtoto akishazoea, mambo yanageuzwa: ngoma inakwenda kwa mdundo usiobadilika na yeye ndiye anayeufuata. Hili si jambo la kubuni. Kule Marekani, tangu miaka ya 1990, mtafiti Michael Thaut na wenzake wamechunguza jinsi mdundo ulio sawasawa unavyowasaidia watu waliopata kiharusi na wenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, kupanga hatua zao, na mbinu hiyo imejaribiwa pia kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Chicago nako Citlali López-Ortiz amewafundisha watoto kama hawa baleti, ngoma ya jukwaani ya Kizungu. Sisi ngoma tunazo. Naona ni haki watoto wetu watibiwe kwa ngoma wanazozisikia kwenye harusi na misiba ya kwao.

Kipande kingine kizuri ni hatua za pembeni. Watoto wanashikilia mwanzi mrefu uliofungwa usawa wa kifua na kwenda ubavuubavu huku wakiimba. Mtaalamu alinieleza kwamba msuli wa ubavuni mwa nyonga ndio unaoshikilia kiuno kisilale upande tunaposimama kwa mguu mmoja. Ukiwa dhaifu, kiuno kinashuka upande wa mguu ulioinuliwa na mtoto anayumba. Hatua za pembeni zinaupa kazi msuli huohuo.

Sasa suala la eksirei. Siku ya kumwandikisha niliulizwa jina, umri na namba ya simu, basi. Hakuna aliyeuliza kuhusu nyonga, na jambo hilo liliniudhi, na bado linaniudhi. Watoto wenye mtindio wa ubongo wako kwenye hatari ya mfupa wa paja kutoka taratibu kwenye tundu la nyonga. Utafiti wa jimbo la Victoria, Australia, uliochapishwa 2006 ulikuta hali hiyo kwa karibu asilimia 35 ya watoto hao, na kwa wale wasioweza kabisa kutembea ilifika asilimia 90. Mwanzoni haiumi, hivyo kwa macho huioni. Mtoto wa namna hiyo, au mwenye ugonjwa wa Perthes ambao damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, harukishwi ovyo kabla daktari hajasema. Na mtoto akilalamika goti bila goti kuvimba, angalieni nyonga, kwa sababu maumivu ya nyonga mara nyingi husikika gotini. Nililisema hili mbele ya wazazi wenzangu, na mtaalamu akakubali kuanza kuuliza.

Dosari nyingine ni ndogo. Ngoma kubwa ikipigwa karibu, watoto wengine wanashtuka mwili mzima na kukakamaa. Kaa mbali nayo mwanzoni, au omba wapige makofi. Sakafu ni ya saruji, na Juni na Julai baridi ya Mbeya inakaza misuli hata ya sisi wazima. Ada haiumizi, kwetu tunaotoka Uyole nauli ya bajaji ndiyo inayouma.

Niseme na jambo la mbeleko, kwa sababu nimelisikia hata pale ukumbini. Mke wangu aliambiwa na watu wazima, tena kwa nia njema, kwamba alimharibu mtoto nyonga kwa kumbeba mgongoni. Alilibeba neno hilo muda mrefu. Si kweli. Tatizo la binti yetu lilianzia kwenye ubongo. Na mbeleko inayomweka mtoto miguu imetanuka kumkumbatia mama inazisaidia nyonga kukaa mahali pake. Madaktari waliofanya utafiti Malawi, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, waliandika mwaka 2015 kwamba upasuaji wa nyonga zilizolegea tangu kuzaliwa ni nadra sana kule, wakalihusisha jambo hilo na kubebwa mgongoni. Kina mama, msikubali kulaumiwa.

Matokeo? Kisigino cha kulia sasa kinagusa chini karibu kila hatua akitembea polepole, cha kushoto bado ni mara mojamoja. Akikimbia anarudi kwenye vidole. Bado anavaa splinti, vile vifaa vya kushikilia miguu ikae sawa, bado anaanguka, na kila anaporefuka ghafla misuli inakaza upya kwa sababu mifupa inaitangulia. Mazoezi ya nyumbani hayajaisha, ila sasa tunayafanya kwa wimbo wa darasani na vilio vimepungua sana. Mama yangu, aliyekuwa anasema tunamwanika mtoto mbele za watu, ndiye anayempigia sufuria jioni.

Ukienda, fika mapema mtoto apashe mwili moto. Mvalishe suruali nyepesi ya kubana ili mtaalamu aone magoti, beba splinti zake na picha ya eksirei, na mwombe mtaalamu amtazame akitembea kabla hajaingia kwenye mstari.