Mwandiko wa Kurrent: programu au jicho la mtu?

Tarehe 12 Januari 1888 dhoruba ya theluji iliikumba Nebraska na Dakota, huko Marekani, ghafla, siku iliyoanza na hewa tulivu. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wengi waliokuwa wakitoka shule. Wahamiaji wengi wa Kijerumani wa enzi hiyo waliandika habari kama hizo kwa Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani ambao Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Ukipata barua au daftari lao, ulisomeshe kwa programu au kwa mtu?

Programu ya Transkribus husoma picha za kurasa kwa dakika chache. Kwa daftari zima, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini katika Kurrent herufi "e" na "n" hufanana kama mapacha, na mwandishi aliyechanganya lahaja ya kwao na maneno ya Kiingereza huweza kuivuruga mashine. Msomaji mzoefu huenda polepole, tena hulipwa, ila hubahatisha kwa akili: anajua habari inaelekea wapi.

Barua ya kurasa tatu ningempelekea mtu. Daftari, mashine kwanza, kisha mtu asahihishe ndipo litafsiriwe. Ila picha zitangulie, maana wino wa zamani wenye chuma hula karatasi. Na tafadhali, karatasi hiyo usiilamineti, yaani usiifunge ndani ya plastiki!