Uzoefu wangu na DIAGNOcam: kuona jino linaloanza kuoza kabla halijatoboka

Kwetu Tanga tulikwenda kwa daktari wa meno pale tu maumivu yalipotunyima usingizi, na mara nyingi tulirudi na pengo. Kwa hiyo mwaka jana hapa Hamburg, nikiwa na mimba ya miezi mitano, nilikwenda shingo upande kuangaliwa meno ambayo wala hayakuwa yakiuma.

Daktari alitilia shaka pale magego mawili ya chini yanapogusana, mahali ambapo jicho halifiki. Alisema eksirei ya jino moja ina mionzi kidogo sana, ila kama naogopa tuanze na mwanga. Akachukua DIAGNOcam, kifaa cha kampuni ya KaVo. Kina vishikio viwili laini vinavyokaa pande zote mbili za jino na kugusa fizi. Humo hutoka mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, unaopenya fizi na mfupa hadi ndani ya jino, na kamera hupiga picha kutoka juu. Sikusikia maumivu yoyote, shavu tu lilivutwa kidogo.

Kwenye skrini gego langu liling'aa kama glasi ya chemli iliyowashwa. Kisha nikakiona: kivuli cha pembe tatu, kidogo mno, ubavuni mwa jino. Daktari akanieleza kwamba enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ikiwa na afya hupitisha mwanga huo, lakini iliyoanza kuoza huutawanya, ndiyo maana panakuwa peusi. Kivuli kilikuwa hakijafika kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli, basi hakuchonga kitu. Alinipaka vanishi ya floridi, dawa ya kuimarisha enameli, akaniagiza nitumie uzi wa meno kila usiku na niache kunywa chai ya sukari kutwa nzima.

Hapo ndipo niliposikia uchungu moyoni. Kliniki niliyokuwa nikitibiwa zamani walinichonga gego la upande wa pili bila kunionyesha picha yoyote, na sitajua kamwe kama lilihitaji.

Mjue pia kwamba kifaa hiki hakionyeshi mizizi, na uozo ukishaingia kwenye dentini hakiwezi kusema umekaribia neva kiasi gani. Hapo eksirei haikwepeki. Bima yangu haikulipia, nilitoa mfukoni.

Baada ya miezi sita nilirudi, mtoto amelala kifuani. Daktari akaweka picha mbili sambamba. Kivuli kilikuwa kilekile, hakijasogea hata kidogo.