Into the Woods: rekodi ya jukwaani au filamu? Uzoefu wangu

Kama fedha yako inatosha toleo moja tu la Into the Woods, chukua rekodi ya jukwaani ya waigizaji wa mwanzo, iliyopigwa 1989 na kurushwa na televisheni ya PBS ya Marekani mwaka 1991. Filamu ya Disney ya 2014 ina picha ya kuvutia na sauti safi, lakini imekata baadhi ya mafundo yaliyofunga ngano hizi pamoja. Kwangu mimi mafundo hayo ndiyo bidhaa yenyewe.

Kwa asiyeijua: ni tamthilia ya nyimbo, muziki na mashairi yake ya Stephen Sondheim, mazungumzo ya James Lapine, iliyofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, Novemba 1987. Ndani yake wamo Cinderella, Rapunzel wa nywele ndefu, Jack wa mti wa maharage, na yule binti wa joho jekundu anayepeleka vyakula kwa bibi yake. Katikati wamewekwa mwoka mikate na mkewe, ambao hawatoki katika ngano yoyote. Wametungwa makusudi, na kazi yao humo ni udalali: wanamtembelea kila mhusika kutafuta kitu chake.

Vitu ni vinne, na muda ni hadi usiku wa manane wa tatu: ng'ombe mweupe kama maziwa, joho jekundu kama damu, nywele za manjano kama mahindi, na kiatu cha dhahabu. Wakivipata, mchawi jirani atawaondolea laana ya utasa. Wakivikosa, basi.

Hadithi za kuchanganya ngano zipo tele, na nyingi zinaharibikia mahali pamoja. Wahusika wanakutana njiani, wanasalimiana, wanataniana kidogo, kisha kila mmoja anaendelea na hadithi yake ileile ya zamani. Mtoe mmoja na hakuna kitakachoharibika. Hapa huwezi kumtoa yeyote, kwa sababu kila mtu anashika mali ya mwenzake. Fuata maharage tu uone. Baba wa mwoka mikate aliyaiba bustanini kwa mchawi, alipoingia kumchumia mkewe mboga za majani. Kwa mboga hizo mchawi akamchukua mtoto wa kike wa nyumba ile, ndiye Rapunzel, na kwa kuyapoteza maharage mchawi mwenyewe akalaaniwa na mama yake, uzuri ukamtoka. Miaka ikapita, mwoka mikate akayakuta mfukoni mwa koti la baba yake, sita. Matano akampa Jack kwa ng'ombe. Mama yake Jack akayatupa, mti ukaota, Jack akapanda na kuiba, na jitu lililomfukuza likaanguka na kufa. Harage la sita mke wa mwoka mikate alimpa Cinderella ili ampe kiatu. Cinderella akalirusha huko kama takataka. Nalo likaota. Kwenye mti huo wa pili ndiko anakoshuka mjane wa jitu, akimtaka aliyemuua mumewe.

Kwa hiyo ukifika sehemu ya pili usishangae kwa nini bibi jitu ametokea. Bili yake ilianza kuandikwa tangu wimbo wa kwanza.

Jambo jingine linaloonyesha waandishi walijua wanachofanya ni uchaguzi wa matoleo. Cinderella wao si wa Charles Perrault, yule wa Ufaransa wa 1697 mwenye boga na kiatu cha kioo. Ni wa ndugu Grimm wa Ujerumani: anaomba penye mti uliomea juu ya kaburi la mama yake, kiatu ni cha dhahabu, dada mmoja anakatwa kidole cha mguu na mwingine kisigino ili kiatu kiingie, na ndege wanawatoboa macho. Binti wa joho jekundu naye ni wa Grimm. Kwa Perrault mbwa mwitu anamla na hadithi inaishia hapo. Kwa Grimm anapasuliwa tumbo na binti anatoka mzima. Ilibidi iwe hivyo, maana hapa mpasuaji ni mwoka mikate, na joho analipata kama shukrani ya kuokoa. Jack ametoka Uingereza, na uamuzi juu yake ndio mkali kuliko yote. Chapa ya Benjamin Tabart ya 1807 ilimsafisha Jack kwa kusema jitu lilimuua baba yake, hivyo wizi ukawa kisasi cha haki. Joseph Jacobs, mkusanyaji wa ngano, alipoiandika mwaka 1890 aliiacha sababu hiyo. Tamthilia imeshika njia ya Jacobs: Jack ni mwizi tu, tena kinubi alikifuata kwa sababu binti wa joho jekundu alimchokoza kwamba ni mwongo. Ndiyo maana mjane ana kesi ya kusikilizwa. Kama wangemvisha Jack haki ya Tabart, nusu ya pili ingebaki mapigano ya wema na ubaya, na tungekuwa tumeshayaona mahali pengine.

Kuna wimbo mfupi karibu na mwisho ambapo watu watano wanasukumiana lawama: Jack, mwoka mikate, Cinderella, binti wa joho na mchawi. Sikiliza mpangilio wa maneno yake. Ni hesabu nzima ya maharage ikisomwa kinyumenyume, kwa kasi ya kutisha, na haina kosa hata moja. Ukiuelewa wimbo huo bila kurudisha nyuma, umeielewa tamthilia.

Na hapo ndipo penye ugumu kwa mtazamaji wetu. Kiingereza chake kinakwenda mbio, mistari ya watu wanne inapishana, na utangulizi peke yake unapita dakika kumi bila kupumua. Washa maandishi ya chini kama toleo lako linayo. Usianze ukiwa unapika. Anayekosa mpango wa vitu vinne na laana ya mchawi atakaa saa nzima akijiuliza huyu mama anataka nini na ng'ombe wa watu.

Mtego wa pili ni mapumziko. Sehemu ya kwanza inaisha kwa harusi, mimba, utajiri na kila mtu kaimba amepata alichotaka. Inafungika vizuri kiasi kwamba wengi huondoka wakidhani ndiyo mwisho. Usizime. Ladha ya kweli iko mbele.

Sasa filamu. Rob Marshall aliiongoza, dakika 125, na Emily Blunt kama mke wa mwoka mikate anastahili kila sifa. Lakini angalia kilichoondoka. Jukwaani kuna msimulizi aliyesimama pembeni na suti yake, na bibi jitu anapodai mtu, wahusika wanamkamata huyo msimulizi na kumtoa. Tangu hapo hawana wa kuwaambia hadithi inaelekea wapi. Kwenye filamu msimulizi ni sauti tu ya mwoka mikate, kwa hiyo tukio hilo halipo na haliwezi kuwepo. Jukwaani mbwa mwitu na mwana mfalme wa Cinderella ni mwigizaji mmoja, na msimulizi na mzee wa ajabu wa msituni ni mmoja pia. Unaona tabia ileile imebadilisha nguo. Filamu imewagawa. Rapunzel, ambaye jukwaani anakanyagwa na bibi jitu, kwenye filamu anapanda farasi na mpenzi wake na kwenda zake. Mchawi anabaki na majonzi, ila majonzi ya kuachwa si ya kufiwa, na hasira yake ya baadaye inakosa kuni. Wimbo wa pili wa wana wafalme wawili umekatwa kabisa, ule ambao tayari wameoa na sasa wanawalilia mrembo wa usingizini na mrembo wa vibete saba. Hasara kubwa, maana ndio mzaha mtamu kuliko yote.

Kwa upande wa watoto, chini ya miaka kumi nisingewaachia peke yao toleo lolote kati ya haya mawili. Wimbo wa mbwa mwitu una maana ya pili ambayo mtu mzima ataikamata mara moja, na mke wa mwoka mikate anabusiana na mume wa mtu kisha anakufa dakika chache baadaye. Mwalimu anayetaka kuigiza na darasa atafute toleo la watoto la kama saa moja, ambalo lina sehemu ya kwanza tu. Haki za kuigiza zinakodishwa na Music Theatre International. Kwa umri huo linatosha, ingawa bili ya maharage hailipwi.

Rekodi ya jukwaani ina kasoro zake. Picha ni ya mraba ya televisheni za zamani, mwanga wa msituni una giza, na ng'ombe ni sanamu ngumu ya kubebwa kwa mkono. Kuhusu ng'ombe huyo nampendelea. Anachekesha zaidi ya yule wa kweli. Ukinunua diski, kagua kwanza namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa: za Marekani ni kanda 1, na deki nyingi za kwetu zimefungwa kwa kanda 5, hivyo utaweka diski na kuambulia kioo cheusi. Deki isiyofungwa kanda inamaliza tatizo. Albamu ya nyimbo ya 1988 ni nzuri sana lakini iache hadi umeshaangalia, kwa sababu mazungumzo mengi hayamo, na mabadilishano ya ng'ombe, joho na kiatu yanatokea kwenye mazungumzo hayo.